Hotuba ya Kumtangaza Mwanafalsafa Mkuu wa Nyakati Zote

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ametuma udhuru. Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye tunaambiwa yuko njiani. Waheshimiwa Wakuu wa Idara, makaimu wao, na wanaokaimu nafasi za makaimu. Mabibi na mabwana wa safu ya mbele. Wananchi wa safu ya nyuma. Shangazi yangu mpendwa. Na dada yangu wa tumbo moja, Mkutubi wa Maktaba ya Mji, ambaye namwona pale pembeni amekunja mikono: itifaki imezingatiwa. (Makofi ya safu ya mbele.)

Nasimama hapa, kwenye ngazi za maktaba yetu, nikiwa Mkurugenzi wa Fikra, Utamaduni na Mambo Mengineyo, kuwatangazia matokeo ya mchakato shirikishi, jumuishi na endelevu wa kumpata mwanafalsafa mkuu kuliko wote wa nyakati zote, mchakato uliochukua miezi kumi na minane, na ambao kwa ajili yake, kama mnavyofahamu, ilitubidi tuifunge maktaba hii kwa muda, ili wananchi wasije wakasoma, wakashawishika kabla ya kura. (Mguno.) Mguno huo nimeusikia na nimeupokea kama maoni ya wadau.

Mtaniuliza, mji ambao mabomba yake hutoa hewa tangu Jumatatu hadi Alhamisi unamtafutia nini mwanafalsafa? Hata mimi nilijiuliza swali hilo, nikajijibu, nikaridhika. (Kicheko.)

Kamati Maalumu ya wajumbe tisa ilikaa vikao thelathini na saba, ikaandaa mpango mkakati, ikaupitia mpango mkakati, kisha ikasambaza fomu elfu sita katika saluni, zahanati na vibanda vya mafundi, na fomu zilizorejeshwa zilikuwa asilimia mia moja na nne, kiwango ambacho wataalamu wangu wa takwimu wanasema hakijafikiwa na mji wowote. Sasa, majibu yenyewe. Fundi cherehani wa nyuma ya posta aliandika kwamba mwanafalsafa mkuu ni yule aliyewaza kwanza kutia mfuko kwenye gauni. Mama mmoja aliyekuwa kwenye foleni ya zahanati alimpigia kura muuguzi aliyemwambia, "Mama, keti, maumivu hayapungui kwa kusimama." Fundi viatu aliandika jina la mkewe, akalikata, kisha akaliandika tena kwa herufi kubwa, nadhani mke mwenyewe alikuwa ametokea. (Kicheko kirefu.) Kura hizo tulizifuta zote, kwa kuwa wahusika hawana vitabu walivyoandika, na serikali haiwezi kuchonga sanamu ya muuguzi aliyeko kazini.

Nikaona isiwe tabu. Nikachukua ufunguo, nikaingia maktaba mwenyewe, nikafungua vitabu kumi na kimoja vya falsafa kwa muda usiopungua dakika arobaini. Sikuhangaika na sehemu ya juu ya kurasa, maana huko maneno ni mengi na wenyewe wanabishana. Nilitazama chini, penye maandishi madogo, na huko, ndugu zangu, nikamkuta mtu mmoja anayetajwa katika kila kitabu, kila sura, karne hadi karne, na hakuna hata mmoja anayempinga. Mtu huyo anaitwa Keshatajwa.

Sitaki kuwaficha lolote, kwa sababu ofisi yangu inaamini katika uwazi. Jana nilipomwonyesha matokeo haya dada yangu, aliyenilea tangu mama yetu alipofariki, na kunifundisha kusoma akinishika kidole na kukipitisha juu ya kila neno, aliyasoma yote akiwa amesimama mlangoni kwangu, mkoba ungali begani.

Akasema, "Mdogo wangu, huyu si mtu. Keshatajwa maana yake kitabu hicho kilishatajwa kule nyuma, ukakitazame huko."

Nikamwambia, "Dada, wakubwa wote huzuliwa maneno."

"Keti," akasema, na mimi, Mkurugenzi, nikaketi. "Kuna binti anasomea mtihani wa ukunga. Mwaka mzima na nusu anakaa kwenye ngazi, namtolea kitabu dirishani kama mahabusu anayeletewa chakula. Mtihani wake ni kesho kutwa. Na mwalimu mstaafu hana pa kusomea gazeti, siku hizi anakuja tu kuushika mlango, anarudi zake. Fungua mlango wa watu."

Nikamweleza kwamba mchakato una hatua zake. Alinitazama mpaka nikaanza kupanga makaratasi yaliyokuwa yameshapangwa. Kisha akasema taratibu, "Ulipokuwa darasa la pili ulikuwa unaruka maneno magumu. Nikawa nakuachia, kwa kuwa ulikuwa na haraka ya kwenda kucheza. Kosa ni langu." Akaondoka. Nami nachukua fursa hii kumpongeza hadharani kwa kukiri kosa, kitendo cha utawala bora. (Minong'ono. Mkutubi anakunjua mikono.)

Kwa hiyo, kwa mamlaka niliyo nayo, namtangaza Keshatajwa kuwa mwanafalsafa mkuu wa nyakati zote, kwanza kwa sababu ya unyenyekevu wake wa kukaa chini ya ukurasa, pili kwa ufupi wa maneno, na tatu kwa kuwa hana ndugu watakaokuja kudai lolote. (Mwalimu mstaafu ananyoosha mkono: "Alisema nini hasa?") Swali zuri, mwalimu. Alisema yaliyokwisha kusemwa. Kwa heshima yake tutajenga Taasisi ya Kimataifa ya Keshatajwa, ghorofa nne, lifti mbili, moja ya kupanda na moja ya kushuka, na sanamu yake itasimama papa hapa, mbele ya mlango huu, ambao kwa sababu hiyo utaendelea kufungwa kwa awamu ya pili. (Mkutubi anapanda ngazi, anampita msemaji, anatoa ufunguo wa akiba na kufungua mlango.)

Dada, bado sijamaliza. (Binti wa ukunga anaingia wa kwanza, karibu akimbie. Mwalimu mstaafu anavua kofia, anaingia. Safu ya nyuma inanyanyuka yote.) Naomba utulivu, ndugu wananchi, wanaoingia waingie kwa utaratibu, na wanaobaki wabaki kwa wingi. (Safu ya mbele inatazamana, inanyanyuka.) Shangazi, hata wewe? (Shangazi: "We endelea tu, mwanangu, tutakusikia dirishani.")

Basi naendelea. Fikra kwanza. (Viti vitupu.) Fikra kwanza, vitabu baadaye. (Kutoka ndani: "Punguza sauti, watu wanasoma.") Napunguza sauti.

Kwa sauti hii hii ya chini, nawashukuru wahandisi wa Taasisi, ambao michoro yao nitaisubiri kwa hamu pindi watakapopatikana; namshukuru mchongaji, ambaye tutaanza kumtafuta; nawashukuru wananchi wote watatu kwa kujaza fomu zote tatu tulizojaliwa kuchapa; na kwa namna ya pekee, kwa uzalendo na kujituma katika vikao vile thelathini na saba, nawashukuru wajumbe tisa wa Kamati Maalumu, ambao siku nitakapowateua, nina imani hawataniangusha.