Uzito wa Kompyuta ya Mama Adolphine

Florentin alikuwa ameketi kwa kinyozi Moussa, mtaa wa Kasuku mjini Kindu, kichwa kimenyolewa upande mmoja na upande wa pili bado, aliposikia habari iliyomfanya aone kwamba nusu ya kichwa inatosha.

"Yule mama Adolphine, mujane wa marehemu Assani," Moussa alisema huku akipuliza nywele kwenye mashine, "marehemu alikuwa ananunua dhahabu kule migodi ya Kama, unakumbuka? Basi, iko na ordinateur moja nyumbani, kompyuta ile ya sanduku. Haiwake tangu wakati wa vita. Batu banataka kuinunua, anakatala. Sasa weye jiulize: mutu mwenye akili anachunga nini ndani ya kitu kimekufa?"

Florentin hakuhitaji kujiuliza. Kila aliyekulia Kindu miaka ile ya vita anajua. Wenye bunduki walipoingia nyumbani, walibeba kila kilichowaka na kila kilichosema. Kilichokufa walikipiga teke wakakiacha. Kwa hiyo watu wakajifunza kuficha mali ndani ya maiti za vyombo. Mama yake Florentin mwenyewe alificha hereni zake ndani ya redio isiyo na betri, na vita vikapita kando ya redio ile mara tatu bila kuisalimia.

Hapa ni lazima tumweleze mtu wetu. Mji mzima ulimwita Injenia, ingawa hakuna aliyejua alikuwa injenia wa nini. Wakati wa vita, akiwa bado kijana, aliwauzia watu tiketi za treni ambayo haikuwa imefika Kindu kwa miaka. Hakuona kuwa huo ni wizi. Aliuza matumaini, alisema, na matumaini hayana ratiba. Sasa alikuwa mtu mzima, mwenye ulimi uleule na pikipiki nyekundu, na pikipiki hiyo ndiyo iliyokuwa ikimnyima usingizi.

Alitaka kumuoa Bénie wa mtaa wa Mikelenge. Mbuzi walikwisha kupelekwa, vitenge vilikwisha kupelekwa, chumvi na majembe pia. Kilibaki kitu kimoja. Baba mkubwa wa Bénie, mzee Jérôme, karani mstaafu aliyevaa koti na tai hata jua la saa saba, alikuwa ametamka mbele ya ukoo kwamba anataka ile pikipiki nyekundu. Isipofika kwa muda wa majuma matatu, Bénie ataenda kwa mwenye depo ya bia. Na Injenia bila pikipiki ni nani? Ni mtu anayetembea kwa miguu huku amebeba bisibisi. Akipata dhahabu ya Assani, ataoa na atanunua pikipiki nyingine yenye taa mbili.

Siku ileile alibisha hodi kwa mama Adolphine.

Sanduku lilikuwa sebuleni, juu ya meza ndogo, limefunikwa kitambaa kilichofumwa kwa sindano, kama mtoto wa kike siku ya komunyo. Florentin aliomba ruhusa ya kulipangusa vumbi. Alipolinyanyua kidogo, moyo wake ulishuka hadi magotini kwa furaha. Lilikuwa zito. Na dhahabu, kama kila mtoto wa mkoa wa Maniema ajuavyo, haina ukubwa, ina uzito.

"Mama yangu," alianza, sauti imelainika kama mawese, "dunia imehama. Ordinateur za sanduku, kule Ulaya wanazizika. Sasa ni portable. Unaifungua kama kitabu, unaifunga, unalala nayo. Haitake groupe ya umeme, haitake mafuta. Panneau moja ya jua, inakula na kushiba."

"Na hii yangu?"

"Nitakuondolea huu muzigo. Unanipa ya zamani, nakupa ya mupya. Sitake hata ndizi moja juu yake."

"Yesu wangu!" Mama Adolphine alijishika mashavu. Alikuwa mama mnene, mpole, wa macho yanayosinzia. "Lakini baba, hii iliona vita. Bwana yangu aliipenda kuliko miye. Nikiitoa, atanitokea ndotoni."

"Akikutokea, umuonyeshe portable. Atafurahi."

Kesho yake Florentin alileta portable. Kwa nje ilimeremeta. Kwa ndani ilikuwa mgonjwa aliyekwisha kupakwa mafuta ya mwisho. Iliwaka, ikaonyesha picha ya mlima wenye theluji, na kabla mama hajamaliza kuusifu mlima, ikazimika.

"Imelala?" mama aliuliza.

"Inapumuzika. Ilitoka mbali."

"Basi mutu akichoka hivi akiwa mupya, akizeeka itakuwa namna gani? Hapana, baba. Rudisha. Na kesho kuna pasteur mumoja wa kanisa atakuja. Naye anataka kunibadilishia. Batu ba Kindu ni bazuri, banahurumia wajane sana."

Pasteur! Florentin alitoka pale jasho likimtoka upande wa kichwa ulionyolewa na upande usionyolewa. Alizunguka soko lote. Mwisho akasimama mbele ya duka la Mike, aliyekuwa na portable nzima kabisa, yenye betri ya kweli, begi na kipanya chake. Mike hakutaka maneno; maneno ya Injenia aliyafahamu tangu zamani. Alinyoosha kidole tu, akaonyesha pikipiki nyekundu.

Wanaume wengine hulia wanapozika wazazi. Florentin alilia kidogo nyuma ya duka la Mike, kisha akanawa uso.

Portable ya pili mama Adolphine aliipenda. Aliiwasha asubuhi, na jioni ilikuwa bado inawaka. Lakini sasa akaleta shida nyingine.

"Miye sijue hii ya mupya. Kwa ile ya zamani bwana yangu alinifundisha kuandika jina. Nikibadilisha, nitabaki kipofu. Unifundishe kwanza."

Basi mlaghai mkuu wa Kasuku akageuka mwalimu. Kwa juma zima alimfundisha mjane kuandika barua, kupanga safu, kuunganisha mashine ya kutolea karatasi. Mama alishika mambo haraka mno kwa mtu mwenye macho ya usingizi. Siku ya nne alimsahihisha mwalimu. Siku ya sita aliandika mwenyewe, bila kosa, hati ya mabadilishano: Florentin anapokea kompyuta ya zamani "katika hali aliyoiona kwa macho yake, bila dai lolote kwa siku za mbele." Mashahidi wawili wakatia sahihi. Florentin akatia yake kwa mapambo matatu. Kisha akajitwika sanduku kichwani na kuondoka akipiga mluzi.

Nyumbani alifunga mlango, akafungua skrubu nne. Ndani kulikuwa na kitu kilichoviringishwa katika kitenge cha zamani. Alikibusu kwanza. Halafu akakifunua.

Kipande cha reli. Na tofali moja, la kusindikiza.

Alirudi mbio, sanduku kichwani, akalibwaga kwenye meza yake ya zamani.

"Mama! Hii ni nini?"

"Ni ordinateur yako," mama Adolphine alisema, akilifunika tena kwa kitambaa, pengine kwa mazoea tu.

"Dhahabu iko wapi?"

"Dhahabu gani? Miye nilikuambia kuna dhahabu?"

"Moussa alisema!"

"Moussa ni shemeji yangu. Anasema mingi, yule mutoto. Hiyo njo kazi ya vinyozi." Alifungua mlango wa chumba cha pili. Mle, juu ya meza ndefu, zilipangwa portable mbili, na ya Florentin ilikuwa ya tatu. "Mwezi huu nafungua secrétariat public. Barua, vyeti, mialiko ya ndoa. Hii ya kwanza ilitoka kwa agent mumoja wa takwimu. Hii, kwa ule pasteur; yeye alikutangulia zamani. Bote balinihurumia, bote balirudi kunibwagia sanduku. Hakuna aliyekuja kunishitaki, juu atamuambia nini polisi? Kwamba alikuwa anamuibia mujane, na mujane akaweka tofali?"

Florentin aliketi. Aliiona pikipiki ikienda, Bénie akienda nyuma yake, na mwenye depo ya bia akimfungulia mlango.

"Mama, ile piki ilikuwa mahari yangu."

"Pole, mutoto wangu," mama alisema, na hapo hakuwa anatania. "Ukitaka chai, iko."

Kabla chai haijamiminwa, mtu alipiga hodi. Akaingia mzee mwenye koti na tai, begi jeusi kwapani. Alikuwa mzee Jérôme. Ndani ya begi kulikuwa na portable aliyozawadiwa siku ya kustaafu, ambayo hakuwahi kuigusa kwa kuogopa kuiharibu.

"Mama mupendwa," alianza, akikohoa kwa heshima, "nilisikia una ordinateur ya zamani inakusumbua..." Hapo akamwona Florentin. "Injenia! Unafanya nini hapa?"

"Ananifundisha portable," mama Adolphine alijibu, akimimina chai bila kumwaga hata tone.

Florentin alisimama na kuinamisha kichwa, kama mkwe anavyopaswa. Na hapa tuseme ukweli kuhusu desturi zetu: mkwe hamwambii mkwewe kwamba amekuwa mjinga. Hata nyumba ikiwaka, atamwambia kwa mzunguko.

Mzee alimvuta kando. "Weye unajua mashine. Hii sanduku, kuna mutu mwengine aliitaka?"

"Papa," Florentin alisema, kwa huzuni isiyo na udanganyifu hata kidogo, "kuna mutu mumoja alitoa piki yake nzima juu ya kupata hii sanduku."

Labda ndilo neno pekee la kweli alilotamka mwaka ule, na hakuna neno lililowahi kufanya kazi haraka hivyo. Mzee alilijaribu sanduku kwa mkono mmoja, akasikia uzito, akafumba macho kama anayesali. Hati ilikuwa imekwisha kuchapwa kabla chai haijapoa.

Na nani alibeba? Mkwe anabeba mizigo ya mkwewe. Hilo halina mjadala. Florentin alijitwika reli na tofali kwa mara ya tatu siku hiyo, akamfuata mzee kwenye njia ya Mikelenge, saa nane, jua likiwa kali. Mwanzoni alikuwa akijihurumia. Lakini kichwa chenye mzigo nacho hufikiri. Walipofika penye wauza mihogo, palipojaa watu, alilitua sanduku.

"Papa, ni nzito ajabu. Tuifungue hapa, tupunguze. Hawa bamama batatusaidia kubeba vitu vya ndani."

"Usiguse!" Mzee alilifunika kwa koti lake. "Beba, mutoto. Nyumbani si mbali."

Hatua mia mbele, kwenye kituo cha waendesha pikipiki, alilitua tena.

"Mahari imenimaliza nguvu, papa. Nikifikiri ile piki ninayopaswa kuleta, shingo inalegea. Labda hawa vijana bafungue kidogo tu, waone..."

Vijana watano walikwisha kusogea.

"Florentin!" Mzee alimshika mkono, tai imepinda. "Piki ni nini? Mutu mwenye heshima kama weye! Iache hiyo mambo ya piki. Imekwisha."

"Asante, papa. Lakini hii tunasemea njiani. Wazee ba ukoo balisikia ukiiomba; wasikie basi ukiiacha. Usiponiahidi hiyo, siwezi kunyanyua. Shingo inakatala."

Mzee Jérôme aliwatazama wale vijana, akalitazama sanduku. Alikubali.

Haijawahi kuonekana Mikelenge karani mstaafu akiita ukoo kwa kukimbia. Wazee walikuja, wengine toka shambani, wakakaa kwenye mikeka wakishangaa haraka hiyo. Sanduku lilikuwa katikati ya miguu ya mzee Jérôme, na mikono yake ilikuwa juu yake. Alisimama nusu, akasema mbio mbio, kama anayekiri dhambi kwa padri mwenye usingizi, kwamba piki ameisamehe, mahari imetimia, Florentin ni mutoto wa nyumba, na sasa kila mutu arudi kwake.

Bénie alimletea Florentin maji ya kunywa. Alikuwa msichana asiyekawia kuona mambo. Alipiga magoti, akanong'ona bila kuinua uso:

"Ndani iko nini?"

"Reli," Florentin alinong'ona. "Na tofali."

Bénie aliuma mdomo wa chini kwa nguvu. Akalisubiri lile gilasi, akalipokea, akasimama wima mbele ya ukoo wote.

"Baba mukubwa," alisema kwa adabu kubwa, "rudilia tena, kwa sauti. Wazee ba nyuma habakusikia."