Usigonge, Ita Araba

Jumapili, 2 Machi

Matangazo ya mazishi kwenye ukuta wangu: manane. Wiki iliyopita yalikuwa matano. Sina ugomvi na marehemu wa watu. Lakini leo mzee mmoja wa Elmina, miaka tisini na mbili, kichwa cha tangazo "MSHTUKO MKUBWA", amebandikwa kiganja kimoja tu kutoka kwenye maandishi ya Araba. Miaka tisini na mbili! Nani kashtuka?

Maandishi ya Araba: USIGONGE MLANGO. ITA ARABA. Aliyaandika mwenyewe mwaka alioanza kuuza kenkey, yale madonge ya unga wa mahindi, kwa rangi ya buluu iliyobaki tulipopaka mlango. Mikono yake ilishinda ndani ya unga wa mahindi, hakuweza kwenda kumfungulia mtu. Basi watu wakaita, naye akajibu kutoka jikoni. Mtaa mzima uliita jina lake tangu alfajiri. Nilikuwa nalalamika kwamba silali. Sasa ni mwaka kasoro wiki mbili tangu aondoke, na nalala vizuri sana.

Mpango! Baraza la mji huandika kwa rangi nyekundu kwenye kuta zinazotakiwa kubomolewa. Nani atabandika tangazo kwenye ukuta unaobomolewa? Hakuna. Kwa hiyo nitajiandikia mwenyewe. Nimewaambia wa kanisani goti linauma. Barabara ilipokuwa tupu nikapanda juu ya chungu cha Araba nilichokipindua, kopo la rangi nyekundu ya kupuliza mkononi. ONDOA KABLA YA 8/3. BARAZA. Mwandiko wa kiofisi kabisa. Sikuwa karani wa ghala la kakao miaka thelathini bure.

Sikufikiria upepo wa baharini. Nilipofika neno la mwisho ulinigeuzia rangi, ikaenda moja kwa moja juu ya ITA ARABA. Nikafuta kwa kiganja. Ikasambaa. Nikafuta kwa shati. Ikasambaa zaidi, na shati limekwisha.

Jumatatu, 3 Machi

Faida: hakuna tangazo jipya.

Hasara: Bondzie, jirani yangu, fundi wa friji na adui yangu wa drafti, ameleta watu tisa kunipa pole. Kasimama mbele ya ukuta, kofia kifuani. Akasema, "Mzee Essilfie, jamani! Mke mwaka jana, ukuta mwaka huu!" Wanawake wakaguna. Nikaguna pia. Ningefanyaje?

Kufika saa sita habari imefika kwa ukoo wa Araba. Shemeji Fiifi, kaka yake mkubwa, akapiga simu. Alisema nisihangaike. Wakiacha baraza libomoe, matofali yatasagwa yote. Bora familia ije ibomoe yenyewe Ijumaa, taratibu, matofali yaokolewe. Amekwisha tafuta nyundo kubwa nne. Akasema dada yake asingependa niaibike kabla ya kumbukumbu ya mwaka.

Nikasema asante shemeji. Nikakata simu. Nikakaa chini palepale jikoni.

Ningeweza kumwambia ukweli. Nimefikiria mpango bora: kufuta kila kitu kabla ya Ijumaa na kusema baraza limeghairi.

Jumanne, 4 Machi

Siku ya kuzaliwa kwake, kila wiki. Wote wanaoitwa Araba walizaliwa Jumanne.

Asubuhi: sabuni ya kufulia. Haikuondoa kitu. Saa nne: thina ya kuyeyushia rangi, chupa nzima, bila glavu. Mikono inawaka hadi sasa. Nyekundu ikayeyuka, ikateremka ukutani kama mchuzi, ikaingia ndani ya lipu. Sasa ukuta una rangi ya waridi chini na nyekundu juu. Saa nane: brashi ya waya ya kusugulia vyungu. Nilianzia kwenye neno MLANGO, ambapo nyekundu ilikuwa kidogo. Sugua, sugua. Nikasogea nyuma nione. Herufi M imekwenda. Nyekundu bado ipo, M ya Araba haipo. Chini, vumbi la buluu.

Nimelifagia vumbi nikalitia kwenye kikopo cha chai. Sijui kwa nini.

Bondzie alipita, akauliza kwa nini nasugua ukuta unaobomolewa. Nikamjibu kwamba baraza linapenda kubomoa kitu kisafi.

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda kwa Mama Yaaba. Aliimba kwaya na Araba, na kazi yake ni kusafisha kuta za ile ngome ya zamani ya mji, pale vijana wanapochora mioyo na majina yao. Nikamwambia wahuni wasiojulikana wamechafua ukuta wangu. Akasema pole. Akasema wahuni hao wameniachia nyekundu nyuma ya sikio.

Hakuuliza zaidi. Akaja kutazama. Alipoona M haipo, akalaza kiganja chake pale kama mtu anayepima homa ya mtoto.

Kisha akanisema. Waya kwenye lipu ya chokaa? Mzee mzima! Tindikali pia marufuku, inakula chokaa. Akanieleza taratibu, na nimeandika yote. Kwanza jaribu pembeni, mahali pasipoonekana, eneo la kiganja tu. Vaa glavu na miwani. Lowesha ukuta kwa maji, ili uchafu usinyonywe ndani. Paka dawa nzito ya kutolea rangi, ile isiyoteremka, dakika mbili, si zaidi. Ondoa kwa kitambaa cha pamba, kila mara upande mpya wa kitambaa. Suuza ukianzia chini kwenda juu. Maji machafu kwenye ndoo, si mtaroni, kuku wanakunywa pale.

Nikauliza dawa itajuaje kuacha buluu. Akasema nyekundu ina siku tatu tu, bado ni mgeni. Buluu imekaa miaka ishirini na saba, imeshikana na ukuta. Mgeni ndiye anayetoka kwanza, ukimwambia kwa upole. Ukimfukuza kwa fujo, wanatoka wote.

Ameniachia kopo la dawa na glavu za kuogopesha.

Alhamisi, 6 Machi

Dakika mbili mbili! Kwa herufi moja! Nilipiga hesabu: sitamaliza kabla ya Ijumaa. Hapo Bondzie akaja na mashine ya kuoshea magari ya mpwa wake. Alisema inang'oa hata kutu ya lori.

Namshukuru Mama Yaaba kwa neno "jaribu pembeni". Tulijaribu pembeni. Sasa pembeni pana tundu, na kuku wa Bondzie ananitazama kupitia humo. Bondzie akasema angalau tumeanza kubomoa. Nikamwambia aondoke na mashine yake. Drafti yetu pia nimeivunja, alikuwa anaongoza.

Kisha nikafanya alivyoniambia. Glavu. Maji. Dawa. Nikahesabu hadi mia na ishirini. Kitambaa. Nyekundu ikaja yote kwenye pamba, laini kama siagi, na chini yake kichwa cha I. Buluu! Nilipiga kelele peke yangu.

Hadi giza linaingia nimepata ITA, na A, na R. Ile R yenye mguu mrefu uliotangulia mbele. Nilimcheka siku ile, nikiwa nimemshikia chungu alichopandia. Alisema iache, hiyo inawahi sokoni.

Ijumaa, 7 Machi

Saa mbili wakafika. Shemeji Fiifi, wapwa watatu, nyundo nne. ABA bado nyekundu. ONDOA KABLA YA 8/3 na BARAZA bado nyekundu. Nikasimama mbele, mikono nimeitandaza, glavu hadi kwenye viwiko.

Shemeji akasema kwa upole nisogee. Nikasema baraza limeghairi. Akaomba barua. Nikasema waliniambia kwa mdomo. Akauliza nani. Nikasema karani mmoja.

Mpwa mmoja akainua nyundo, aanzie kwenye tundu. Nikasema, "Ni mimi! Nimeandika mimi! Hakuna baraza!"

Nikasogea, wakaona ITA AR.

Shemeji Fiifi aliweka nyundo chini. Labda alidhani nitalia, nami nilidhani atanipiga. Akasema, "Shemeji, dada yangu alikuwa anatuambia unampa kazi. Tulidhani anakuonea." Akakunja mikono ya shati, akaomba kitambaa. Nikampa glavu moja, moja nikabaki nayo. Tukahesabu mia na ishirini pamoja, wapwa wakileta maji. A ya mwisho aliitoa yeye. Aliifuta polepole kuliko mimi.

Tukiwa bado tunasuuza akapita mwanamke na beseni kichwani, si wa mtaa huu. Akasoma ukuta. Akaita, kwa nguvu, "Araba! Araba ee!"

Maji yakawa yanadondoka tu kutoka kwenye vitambaa.

Nikajibu mimi. Nikasema, "Ingia!"

Alitaka kenkey sita. Nikamwambia leo hakuna, aje Jumanne. Sijui kupika kenkey. Shemeji alinitazama, kisha akamwambia mwanamke kwamba yeye pia atataka nne.

Jumapili, 9 Machi

Ukuta safi. M haipo, lakini kila mtu anasoma tu.

Kutoka kanisani nikakuta tangazo jipya. Mkono ulikuwa tayari unalichana. Ni Araba! Kumbukumbu ya mwaka, Jumamosi tarehe 15, kile kitambaa chake cha njano, anakaribia kucheka. Shemeji kalibandika pembeni kabisa, limeziba tundu la kuku. Nililipangusa vumbi kwa leso. Hilo halitoki.

Saa tisa yameongezeka matatu. Watu wameona moja, wamedhani ni ruhusa. Mzee wa Elmina karudi! Mshtuko uleule!

Lakini kopo la nyekundu bado lina nusu. Nimefikiria vizuri safari hii. Si baraza. Maneno mawili tu, mafupi, mbali kidogo na yake: MBWA MKALI. Sina mbwa, lakini nitabweka nikisikia harufu ya gundi.

Nimekwisha geuza chungu. Upepo upo, ila si mwingi.