Matanga ya Mwenye Goti

Jumatatu, 2 Juni
Mguu wa kushoto bado umenyooka kama ufagio. Pascalia, anayenifanyisha mazoezi ya viungo, alikuja hapa Mikindani asubuhi akataka goti likunjwe. Nikamwambia linauma. Ukweli, haliumi sana. Naogopa. Ndani yake daktari ameshona kipande cha gegedu, ule mfupa laini wa kiungo, kilichotoka kwa maiti, mtu nisiyemjua. Kikichanika je? Pascalia amesema mwisho ni Ijumaa: goti lisipokunjika mbele ya daktari, nitapigwa tena sindano ya usingizi walikunje wao.

Jumanne, 3 Juni
Nimepata njia. Nilimuuliza shangazi Dama kama yafaa kutumia kiungo cha marehemu ambaye hatujamlilia. Akakunja uso. Akauliza huyo mtu alizikwa na nani. Sijui. Basi tumkalie matanga, akasema, sisi si wanyama. Penye matanga hakuna mazoezi. Nimemwandikia Pascalia kwamba tuna msiba, na miadi ya daktari ya Ijumaa isogezwe. Wa nani, sikutaja.

Jumatano, 4 Juni
Mambo yamezidi. Shangazi amewaita akina mama wa kanisa. Turubai limefungwa uani. Mfiwa ni mimi, nimekalishwa mkekani, mguu mbele, siwezi kuinuka. Wanalia kwa dhati. Mmoja akauliza marehemu alikuwa nani wangu. Nikasema mtu wa karibu mno.

Alasiri wakaja wenzangu wa ofisi ya kutoa mizigo bandarini, Kipevu, wakiongozwa na Clifford, anayekalia meza yangu tangu nipasuliwe. Akanipa pole ndefu. Akasema, “Usiharakishe kurudi, ndugu yangu Morgan, meza iko salama.” Akala wali sahani mbili, kisha akaomba kuona picha ya marehemu. Nikaangua kilio. Hicho hakikuwa cha kuigiza.

Alhamisi, 5 Juni
Pascalia amekuja kutoa pole. Akavua viatu, akaketi kando yangu, akauliza kwa upole ni nani aliyetutoka. Kabla sijafungua mdomo, shangazi akanyoosha kidole kwenye goti langu. Pascalia akalitazama. Kisha akasema marehemu hakutoa kitu chake kije kulala mkekani. Akina mama wakaitika amina. Wawili wakanikamata mabega, wengine wakaanzisha wimbo, Pascalia akaushika mguu. Nikafumba macho, nikangoja kusikia kitu kikichanika.

Goti likakunjika. Hakikuchanika kitu.

Ijumaa, 6 Juni
Daktari ameridhika. Hakuna sindano. Nilitoka pale mtu mpya, nikijicheka kwa hofu yangu yote.

Mlangoni Pascalia akaniambia Jumatatu tunaanza baiskeli, ile isiyokwenda popote. Baiskeli! Pedali ikishaanza kuzunguka, goti litakataa vipi? Nimewaza njia nzima hadi nyumbani.

Binamu yangu Randu ana mchumba Mishomoroni. Wamepanga kuoana Desemba. Nimempigia simu sasa hivi, nikamweleza uzuri wa harusi ya Jumatatu.