Mwonja Dawa wa Rusimbi

Heritier alizipata habari za Mzee Thobias kwa fundi cherehani wa Mwanga, akisubiri suruali ambayo hakuwa na mpango wa kuilipia. Tafadhali, tusimwite mwizi. Yeye alikuwa akiwapunguzia watu mizigo, na hakuna aliyewahi kumshukuru.

Habari zenyewe zilikuwa hivi. Mzee Thobias wa Rusimbi, mvuvi wa siku nyingi, alikwenda Dar kupasuliwa moyo. Kidonda kimefunga vizuri, ila usingizi umemkimbia. Kila akifumba macho anaona moyo utasimama, basi anayafumbua haraka. Hospitali walimpa melatonini, vidonge vya kumsaidia alale na atulie, navyo vina wiki tatu kabatini. Kisa? Kwao, anayekupa kitu cha kunywa hukionja kwanza mbele yako, ujue hakina sumu. Mzee alimwomba daktari aonje, daktari akacheka. Mkewe Leonia akajitolea, lakini yeye naye anameza dawa za presha, na mzee akakataa katakata: "Tukifa wote, nani atafunga mlango?"

"Maskini!" alisema Heritier. "Na ile injini yake ya boti?"

"Iko sebuleni tu. Kakatazwa ziwa," alijibu fundi.

Jioni hiyohiyo Heritier alibisha hodi Rusimbi, amevaa koti jeupe la kuazima kwa muuza nyama. Mkononi alikuwa na kichupa cha peremende.

"Shikamoo, Papa. Mimi ni daktari wa usingizi."

"Marahaba. Unaonja?"

"Naonja, Papa, tena viwili! Malipo ni ile injini, na ni mpaka ulale."

Machozi yalimlengalenga mzee. Leonia alikichukua kile kichupa, eti akifute vumbi, akaenda nacho jikoni. Mama huyu aliuza duka sokoni Mwanga miaka thelathini. Peremende aliijua kabla kifuniko hakijafunguka. Alizimwaga zote bakulini, akatia kichupani vidonge vya hospitali, akarudi nacho pamoja na chai.

"Onja, daktari."

Heritier akameza viwili kwa madaha. Aliona ladha imebadilika, lakini mtu aliyekwisha kuihesabu injini kuwa yake hana muda wa ladha. Na kusema kweli, alikuwa hajalala siku mbili, kwa sababu ya magunia fulani ya kahawa ya Kalinzi ambayo wenyewe walikuwa bado wanamtafuta. Melatonini si rungu, haimwangushi mtu. Ila huyu ilimkuta ameshainama, na kochi la Leonia lilikuwa laini. Alianza kueleza faida za usingizi, akafika ya tatu, akakoroma.

Mzee Thobias alisogeza kiti, akaweka kiganja kifuani pa tapeli.

"Leonia, anapumua."

"Anapumua, mume wangu."

"Na moyo unakwenda." Akakihamishia kiganja kifuani pake. "Mimi naogopa, Leonia."

Hakuwahi kulisema neno hilo tangu arudi, wala ziwani enzi zake.

"Najua. Niko hapa."

Mzee akameza kimoja, akajilaza. Baada ya muda na yeye akaanza kukoroma, polepole. Leonia alikaa katikati yao, akalia kwa furaha, kisha akawafunika wote wawili.

Heritier aliamka jua limeshapanda. Alimwona mzee bado amelala fofofo, akairukia injini.

"Mama, Papa amelala! Nipe changu niende."

"Chako hiki hapa," alisema Leonia, akamsogezea lile bakuli. "Wajukuu wamezisifu sana peremende zako. Nikawaonjeshe na polisi?"

Heritier akaiachia injini, akakaa chini.

"Nisamehe, Mama."

"Sema taratibu, utamwamsha. Daktari wa kweli kasema dawa ni ya wiki sita, na mzee hamezi mpaka wewe uonje. Saa mbili kamili usiku, usichelewe."

"Wiki sita, Mama!"

"Na shuka uje nalo. Hilo nililokufunika ni la wageni."