Programu ya Mawinguni na Madaftari ya Visima

Siku hiyo Mtaalamu alikuwa kwenye duka la kutoa kopi, akichapisha cheti chake mwenyewe. Rangi ya mhuri alishaichagua, na sasa alikuwa akibishana na mwenye duka kama alama za masomo ziwe za juu sana au za juu kiasi, zisije zikatia watu shaka. Utaalamu wa bwana huyu ulibadilika kulingana na mteja. Mwaka jana ulikuwa wa kupima unyevu wa kuta, na mwaka juzi wa kuongeza kasi ya simu za zamani. Hakuwa mtu wa kutisha. Alikuwa tu na ulimi mtamu, suti moja nzuri, na uadui wa muda mrefu na kazi yoyote inayoanza asubuhi.

Akaingia mzee mnene mwenye viatu vilivyoganda tope, ameshika daftari kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba ndege mgonjwa. Akaliweka juu ya kaunta.

"Nitolee kopi kurasa zote, kabla halijaoza."

Mwenye duka akalifunua kwa ncha za vidole. "Hili daftari ulilipika?"

"Lilidondoka kwenye tope la mtambo. Mimi nachimba visima, bwana. Humo mna visima tisa: kina, aina ya mwamba, mabomba, maji kiasi gani. Sasa mteja mmoja pampu yake imekwama, anauliza kisima chake kina mita ngapi, na mimi sina la kumjibu." Akafuta jasho. "Kuna kampuni inataka kuniuzia programu ya kutunza hayo yote. Inakaa mawinguni, wanasema. Ila unalipia kila mwezi mpaka uingie kaburini."

Mtaalamu akakiweka cheti chake chini taratibu. Pua yake ilikuwa nyepesi kwa harufu moja tu, ya mtu anayetaka kitu kizuri kwa bei ya kitu kibaya, na harufu hiyo sasa ilikuwa imejaa duka zima.

"Samahani, mzee wangu. Nimesikia kila mwezi?"

"Kila mwezi."

"Pole sana. Sisi mtindo huo tuliuacha zamani. Wateja walikuwa wanalia."

"Ninyi akina nani?"

"Sisi wa mawinguni," alisema Mtaalamu.

Kesho yake, saa nne, alipanda ngazi za ofisi ya mzee yule, iliyokuwa juu ya duka la vipuri. Mzee mwenyewe mjini walimwita Mita Sitini, kwa sababu kila mteja aliyemuuliza maji yako wapi alijibiwa kwamba yako mita sitini, hata kama baadaye mtambo ulikwenda mpaka mia moja na ishirini. Alikuwa na mitambo mitatu, wafanyakazi kumi na wanne na dada mkubwa mmoja. Huyo dada ndiye aliyeendesha ofisi. Watoto wa Mita Sitini walimwita Shangazi, wafanyakazi wakaiga, na sasa hata watu wa benki walimwita hivyohivyo.

Shangazi alikuwa ameketi nyuma ya meza, miwani kwenye ncha ya pua. Mbele yake zilikuwepo karatasi za kampuni ile ya kila mwezi, zimepigwa mistari ya kalamu nyekundu.

"Karibu, mwanangu. Kaa. Tunapima mambo mawili, tuchukue ya hawa au tuchukue ya kwako. Tuonyeshe."

Mtaalamu akafungua kompyuta yake. Kwenye kioo ikatokea picha ya kisima kilichokatwa ubavuni: udongo wa kahawia, mwamba wa kijivu, na maji ya buluu ya kupendeza chini kabisa. Akabonyeza, ikaja nyingine yenye majedwali, halafu nyingine yenye ramani. Mita Sitini alikuwa ameinama mpaka pumzi yake ikatia ukungu kioo.

"Tazama hayo maji, dada."

Shangazi alikuwa akitazama kona ya picha ya tatu, palipoonekana kidole gumba cha mtu aliyeipiga kwa simu kutoka kwenye kompyuta ya mtu mwingine. Akammiminia mgeni chai.

"Mtambo ukiwa porini, mtandao hakuna, inakuwaje?" akauliza.

"Inasubiri, Shangazi. Ina subira sana."

"Na tukiacha kulipa, kumbukumbu zetu mnabaki nazo ninyi?"

"Haiwezekani. Zenu ni zenu. Mnapewa zote."

"Kwenye faili la jedwali la kawaida, ambalo programu yoyote inaweza kulifungua?"

"La kawaida kabisa."

"Andika hapo," alisema Shangazi, akamsogezea karatasi na kalamu. "Na madaftari ya zamani? Programu inayasoma?"

"Inayasoma yote. Mnayapiga picha tu, yenyewe inayatafuna."

"Andika na hilo."

Mtaalamu aliandika kwa furaha, kwani ahadi ndiyo bidhaa pekee aliyokuwa nayo ghalani. Kisha akataja bei: malipo ya mwaka mzima kwa mkupuo, na mwaka wa pili wa bure. Mita Sitini akaanza kupapasa mfuko wa koti. Dada yake akamshika mkono bila hata kumtazama.

"Tutalipa, tena tutalipa mara moja," alisema. "Lakini tuanze na majaribio ya bure, andika na hilo. Siku madaftari yote ya zamani yatakapokuwa ndani, na tukiichagua ya kwako, siku hiyohiyo unaondoka na pesa yako." Akavua miwani, akaifuta. "Unajua, mwanangu, mimi ni katibu wa umoja wetu wa wachimbaji. Tuko kampuni kumi na tisa. Wote wananisubiri mimi nichague, ndipo nao wachague."

Mtaalamu alisikia kumi na tisa, na baada ya hapo hakusikia tena vizuri. Akatia sahihi.

Alitegemea madaftari matatu, labda manne. Jioni hiyo gari la Mita Sitini lilimshushia mlangoni masanduku manne. Miaka kumi na moja ya uchimbaji, visima mia nne na kumi na mbili, vyote vimeandikwa na mafundi waliokuwa wakitetemeka pamoja na mtambo.

"Nimekuletea yenyewe," Shangazi alimwambia kwenye simu, "ili programu isije ikasumbuka na picha mbaya."

Mtu mwingine angehama chumba. Mtaalamu alikaa kitandani akapiga hesabu ya kampuni kumi na tisa, kisha akavua koti la suti, akalitundika, akafungua daftari la kwanza.

Ndivyo maisha yake yalivyoharibika. Aliamka saa kumi na mbili, akaingiza kisima kimoja baada ya kingine kwenye jedwali mpaka mgongo ukagoma. Mama mwenye nyumba, ambaye kwa miaka miwili hakuwahi kumwona macho kabla ya saa tatu, alichungulia dirishani mara kadhaa, halafu akawatangazia wapangaji wengine kwamba kijana amepata kazi, na wampunguzie kelele.

Juu ya madaftari ya zamani kulikuwa na kazi mpya ya kila siku. Mafundi walituma picha za ripoti kutoka kwenye mitambo, na Shangazi alitaka ziwe zimeingia kabla ya chakula cha mchana. Zikichelewa, alipiga simu ya huduma kwa wateja. Namba hiyo pia ilikuwa ya Mtaalamu, ambaye aliipokea kwa sauti nyembamba, leso imefunika mdomo.

"Huduma kwa wateja, habari za asubuhi."

"Nzuri, mwanangu. Programu yenu leo naiona nzito."

"Kuna marekebisho kidogo kwenye mitambo yetu, mama."

"Ahaa. Hebu iambie ikale chakula kwanza, ipumzike nusu saa, halafu iendelee. Na bosi wako hajambo?"

"Hajambo, mama. Yuko kikaoni."

"Msalimie. Mwambie asifanye kazi sana."

Kitu ambacho Mtaalamu hakukitarajia ni kwamba alianza kuelewa. Kufikia daftari la sita aliweza kutofautisha mwandiko wa fundi mmoja na mwingine. Alijua nani huandika saba kama moja, na nani huongeza mita mbili ili aonekane amefanya kazi. Aligundua kwamba ng'ambo ya mto maji hupatikana kwenye mwamba mwekundu, na kwamba mtu akifika kwenye udongo wa mfinyanzi mweupe bora afunge virago. Mara nyingine alimpigia fundi mkuu kwenye mtambo, kwa sauti ya tatu aliyoibuni kwa shughuli hiyo, akimhoji kuhusu kisima cha miaka saba iliyopita.

"Wewe ni nani hasa?" fundi mkuu aliuliza siku moja, mtambo ukinguruma nyuma yake.

"Idara ya usahihi."

"Mna idara ya usahihi?"

"Tunayo," alisema Mtaalamu, na alishangaa kusikia sauti yake imejaa ukali wa mtu anayesema kweli.

Katikati ya mwezi wa tatu tangu aanze, kazi ikaisha. Alilituma faili lote ofisini kwa Shangazi, akanyoa, akavaa suti, ambayo sasa ilimpwaya kidogo, akaweka kitabu cha risiti mfukoni na kupanda zile ngazi akiwa anapiga mluzi.

Alimkuta Mita Sitini, Shangazi, na dada mmoja kijana mwenye kompyuta, aliyekuwa amevaa kadi shingoni. Mtaalamu aliisoma kadi ile kabla hajakaa. Ilikuwa ya kampuni ya kila mwezi.

"Umefika wakati mzuri," alisema Shangazi. "Huyu ni mwakilishi wao. Ndiyo kwanza anapandisha faili lako."

Mwakilishi akabonyeza. Ramani ikafunguka, na juu yake nukta zikaanza kuchomoza moja moja, kisha kwa makundi, mpaka zikafika mia nne na kumi na mbili. Akagusa mojawapo, kikajitokeza kisima na mwamba wake, mabomba yake, tarehe yake. Hapakuwa na kidole gumba mahali popote.

"Sijawahi kuona kumbukumbu safi namna hii," alisema mwakilishi. "Wateja wengi kwenye hatua hii ndipo hushindwa."

Mita Sitini alikuwa akimtazama dada yake, mdomo wazi. "Mbona sielewi. Tumenunua ya nani?"

"Ya hawa. Ada yao ya mwezi haikunitisha hata siku moja. Kilichonitisha ni mstari wa mwisho kwenye karatasi yao, bei ya kuingiza madaftari ya miaka kumi na moja. Hiyo peke yake ilikuwa nusu ya bei ya mtambo. Nikawa nawaza nitapata wapi mtu wa kuyaandika yote, tena bila kulipualipua." Akamgeukia Mtaalamu kwa upole. "Ukaingia wewe na picha zako."

Mtaalamu alihisi miezi hiyo yote ikimshuka mgongoni kwa pamoja. Alikuwa amewachezea watu wengi shere, na kila mara alijiuliza huwa wanajisikiaje. Sasa alijua, na hakuona kama elimu hiyo ilimsaidia.

"Shangazi, umeniibia," alisema.

"Nimekuibia nini? Ulisema madaftari yanasomwa na programu. Kama ni programu, haina tumbo, wala haina mgongo, na majaribio ni bure, umeandika mwenyewe." Akafungua mtoto wa meza. "Ila kama ni mtu aliyefanya hiyo kazi, mimi sidhulumu mtu. Aseme, nimlipe kibarua cha karani kwa siku zake. Ni nani, programu au mtu?"

Mwakilishi alikuwa ameinua macho kutoka kwenye kompyuta, akisubiri kwa adabu. Mtaalamu alimwangalia yeye, akamwangalia Mita Sitini, ambaye bado alionekana kuamini yale maji ya buluu, na heshima yote aliyojijengea kwa miaka mingi ya uongo haikumruhusu kukiri. Akavuta koti lake.

"Ni programu," alisema.

"Basi tufikishie shukrani zetu."

Akainama kidogo, akaenda mlangoni. Alikuwa ameshashika kitasa aliposikia mwakilishi akimwambia Shangazi, "Kuna kosa dogo hapa. Kisima cha mia mbili na sita kimeandikwa mita kumi na nne tu. Hakuna kisima cha hivyo. Lazima programu yao ilisoma vibaya, nitaweka mia moja na arobaini."

"Usiguse hapo," alisema Mtaalamu.

Wote wakageuka.

"Ni kumi na nne. Hata mimi nilidhani ni kosa, nikampigia fundi mkuu mara tatu. Walikutana na maji ya kuruka wakakimbia na kofia zao, kisima hicho mpaka leo kinatoa. Ukiweka mia moja na arobaini, anayefuata atachimba pembeni yake mpaka kuzimu. Nimekaa na ukurasa huo siku nzima, dada yangu. Ulikuwa na tope, niliukausha kwa pasi."

Alipomaliza ndipo akatambua alichokiri. Mita Sitini alikuwa wa kwanza kucheka, polepole, kutoka chini kabisa. Shangazi hakucheka. Alitoa kalamu na kitabu cha vibarua, akatafuta ukurasa mtupu.

"Siku ngapi?" aliuliza.

Mtaalamu akarudi, akaketi kwenye kiti cha wageni. "Sabini na tatu."

"Sabini na moja. Jumapili mbili ulizima simu zote, yako na ya huduma kwa wateja."

Mtaalamu akafikiri kidogo, akihesabu kwa vidole chini ya meza.

"Sabini na moja," akakubali, na akatia sahihi kwa jina lake la kweli.