Mionzi Kidogo Kuliko ya Rémy

Jumatatu, 2 Juni

Baridi. Kolwezi nzima ni vumbi la malori, hata ndani ya chai. Nimewahi kazini ili nimtangulie Rémy. Nimemkuta. Koti lake jeupe limepigwa pasi mpaka mikono inasimama yenyewe.

Dokta Kabedi, mganga mkuu wetu, ametukusanya mbele ya chumba cha skana. Mwanafizikia anakuja kutoka Lubumbashi kupima mionzi wanayopata wagonjwa tunapowapiga picha za moyo. Mashine ni mpya, watu wanatoka Fungurume, Mutoshi, hata Kisenge, na hakuna anayejua kama tunawapa mionzi ya kutosha au tunawamiminia. Baada ya hapo atachaguliwa mkuu wa kinga ya mionzi. Mimi nashika skana asubuhi, Rémy anaishika mchana. Kwa hiyo ni mimi au yeye.

Mkuu atapewa ofisi. Nimekwenda kuitazama. Kwa sasa imejaa mafagio na ndoo, lakini ina mlango. Mlango wenye ufunguo! Nimempigia simu mke wangu Mignonne atafute pazia. Ameuliza kama nimeshachaguliwa. Nimemwambia ni kama tayari.

Jumanne, 3 Juni

Mwanafizikia amefika. Anaitwa Naomie. Nilitegemea mzee mwenye ndevu. Ni mama kijana, mfupi, mpole, mwenye sanduku la chuma. Ametufundisha mpaka njaa. Mionzi ikizidi, inamdhuru mgonjwa. Ikipungua mno, picha haionekani. Kazi ni kupata kiasi kinachotosha. Amesema pia hakuja kushindanisha watu. Rémy ameandika yote. Mimi nimeshika neno moja: kidogo. Mwenye mionzi kidogo ndiye mwenye ofisi.

Ndani ya sanduku mna vipimo vidogo kama vifungo vya shati. Kimoja kinabandikwa kifuani mwa mgonjwa, kinakusanya mionzi, halafu Naomie anakisoma kwa mashine yake. Kingine amekibandika kwenye benchi la korido, ili ajue mionzi ya kawaida ya hewa na udongo ni kiasi gani.

Nimekula nikiwaza. Kipimo kinahesabu mionzi ya pale kilipo. Nani amesema lazima kiwe kifuani?

Jumatano, 4 Juni

Naomie alikuwa na kikao kwa Dokta. Nimebaki peke yangu na vipimo. Kila mgonjwa akivua nguo, kipimo chake nakitia mfukoni mwa suruali yake. Mgonjwa anaingia kwenye skana, suruali inapumzika msumarini chumba cha pili. Akimaliza, nakitoa na kukirudisha kwenye bahasha yake. Kazi safi.

Mchana Naomie ameniita. Hakupandisha sauti. Amesema kwa vipimo hivi, wagonjwa wangu wamepata mionzi kidogo kuliko benchi la korido. Nimejibu kwamba nina mkono mwepesi. Kisha ameuliza kama najua kwamba skana yenyewe inaonyesha kwenye kioo kiasi cha mionzi iliyotoa kwa kila mgonjwa.

Nilijua. Nilisahau.

Kuanzia kesho atabandika vipimo mwenyewe, na kioo atakisoma pia. Rémy alikuwepo. Hakucheka. Kutocheka kwake kumenikera kuliko kicheko.

Alhamisi, 5 Juni

Jana mchana nilimchungulia Rémy kupitia dirisha la chumba cha skana. Namba zake ni ndogo na picha zake zinaonekana. Siri yake ni uvivu. Anampa mgonjwa dawa ya kutuliza mapigo aliyoandikiwa na Dokta, anakaa naye, anamzoeza kuvuta pumzi na kuishika. Anangoja. Moyo ukienda polepole, skana inapiga sekunde ile tu ambayo moyo umetulia, basi mionzi inapungua. Mgonjwa mmoja anamlia nusu ya mchana!

Sawa. Na mimi nitatuliza watu, ila kwa haraka.

Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa Gael, kijana mchimbaji wa Mutoshi. Nimemwambia asiogope, mashine hii bado haijaua mtu wiki hii. Mapigo yamepanda. Nimemwambia aliyelala hapa kabla yake alitoka kwa miguu yake mwenyewe, au karibu hivyo. Yamepanda tena. Nimemwimbia wimbo wa kanisani. Naomie ameniomba nitoke nje kidogo. Amemuuliza Gael habari za mtoto wake mchanga, na mapigo yameshuka kama ndoo kisimani.

Mionzi yake imetoka kidogo, lakini ile namba nzuri imehesabiwa kwa jina la nani?

Jioni nimekaa mbele ya mitambo. Kuna sehemu ya kuongeza na kupunguza nguvu ya mionzi. Hakuna aliyewahi kuishusha mpaka chini kabisa. Nadhani walikosa moyo.

Ijumaa, 6 Juni

Nimeishusha mpaka chini kabisa.

Mgonjwa alikuwa baba mmoja wa Fungurume, Tata Nkongolo, dereva wa malori aliyestaafu. Kifua kinambana akipanda ngazi za kanisa. Ameletwa na binti yake, Chancelle, ambaye amenishukuru kabla sijafanya kitu. Mzee mwenyewe ni mtulivu, amelala kwenye skana kama mtu anayengoja kivuko. Nimempiga picha upesi.

Namba kwenye kioo: Rémy hajawahi hata kuiota. Naomie ameitazama, amekunja uso, ameuliza picha ikoje. Nimesema nzuri sana. Sikuwa nimeiangalia. Nimeituma moja kwa moja kwa Dokta, nikatoa mafagio kwenye ofisi na kuingiza kiti changu. Kinakaa vizuri. Nimefunga mlango, nikafungua, nikafunga tena.

Jumamosi, 7 Juni

Nimeitwa kwa Dokta Kabedi. Nimevaa tai. Ndani nimemkuta Naomie, Chancelle, na Tata Nkongolo kwenye kiti. Hakuna aliyesifu tai.

Picha ilikuwa kwenye kioo. Ukungu mtupu. Dokta amesema ni kana kwamba nimepiga picha ya Kolwezi nikiwa nyuma ya lori. Mishipa haionekani. Lazima mzee apigwe picha upya: sindano tena, dawa ya kuonyesha mishipa tena, mionzi tena. Na kwa kuwa dawa ile inachosha figo, ni heri angoje siku mbili. Naomie ameongeza kwa sauti yake ileile ndogo kwamba ule mpigo wangu, hata uwe mdogo namna gani, mzee ameupata bure.

Tata Nkongolo hakukasirika. Amekitazama kioo, kisha mimi.

"Mi nilitoka Fungurume juu ya kuona moyo yangu. Tata, moyo yangu iko wapi?"

Nimerekebisha tai.

Walipotoka, mzee amefika korido tu. Amekaa kwenye benchi ghafla, mkono kifuani, jasho linamtoka katika baridi ile. Chancelle amemshika kichwa. Dokta amekimbia, sijawahi kumwona akikimbia. Wamemlaza, wamempa dawa, maumivu yamepungua kidogo. Dokta akasema siku mbili hazipo tena; lazima ajue leo kama mzee asafirishwe Lubumbashi. Amempigia Rémy, ambaye leo ni siku yake ya mapumziko.

Rémy amekuja na shati la mazoezi ya kwaya. Amekwenda polepole, uleule uvivu wake. Ameshika mkono wa mzee, wamevuta pumzi pamoja, wameiachia pamoja. Mimi nilikuwa nyuma ya dirisha, mikono haina kazi. Picha imetoka safi. Mshipa mkubwa wa mbele umebaki mwembamba kama uzi. Hata mimi niliuona.

Nimesema moyoni: mzee huyu akipona, mambo yangu haya nimeyaacha.

Jumapili, 8 Juni

Pentekoste. Asubuhi wamempandisha mzee ndege ya Lubumbashi. Nimekwenda kanisani na nimeomba kweli, bila kutazama nani ananitazama. Mignonne amenionyesha pazia alilonunua. La buluu, lina maua. Nimemwambia litafaa chumbani kwetu. Amelitundika.

Jumanne, 10 Juni

Chancelle amepiga simu hospitalini. Wamemfungua mzee mshipa. Anaongea, na anagomba kwa kuwa wanamkatalia bukari, ugali wa kwetu. Nimetoka nyuma ya jengo nikalia. Muuguzi amenikuta, nimemwambia ni vumbi.

Saa ya kikao Naomie ametoa matokeo. Rémy ndiye mkuu. Nimempigia makofi, na kiti changu nimekitoa mwenyewe kabla hajafika. Mimi nimeondolewa kwenye skana mpaka nifundishwe upya. Kwa sasa nitakaa mapokezi. Naomie, kabla ya kupanda gari, amenipa mkono.

"Tata Ntambwe, kile kipimo ilikuwa ya mugonjwa. Haikuwa ya wewe."

Maneno mazito. Nimeyakubali yote. Nimerudi mapokezi nikiwa mtu mwingine kabisa, mnyenyekevu, nisiyetafuta makuu.

Ndipo Dokta Kabedi amepita na kunieleza kwamba mwezi ujao watapima muda ambao wagonjwa wanangoja, tangu wanapoingia getini mpaka wanapoonwa na daktari. Mapokezi yakifanya vizuri, picha ya anayekaa pale itawekwa ukutani.

Picha. Ukutani. Kubwa kuliko ofisi ya Rémy.

Nimetoka kulitazama geti. Ni imara, linafungwa kwa ndani. Na nje kuna kivuli kizuri, watu wengi wanaenea. Mgonjwa ambaye hajaingia hajaanza kungoja. Hiyo ni hesabu tu, haimdhuru mtu. Kesho naongea na sentinele anayelinda geti.