Mjane wa Mume Wangu

Jumatatu, 4 Machi
Mume wangu! Naandika tena kwa utamu wake: mume wangu! Miaka yote aliripoti vita vya nchi za watu. Sasa ametulia nyumbani, anaandika riwaya ya wanawake vitani, na mpiga taipu wake ni mimi. Nimebahatika jamani! Ila leo mhariri amepiga simu. Mjane wetu wa kitabuni, yule anayeoka mikate huku mabomu yakidondoka, eti anasimulia kama taarifa ya habari. Sura ziandikwe upya zimfikie Alhamisi, la sivyo hawachapi. Mume wangu hakugusa chakula. Roho iliniuma. Nikapata wazo.

Jumanne, 5 Machi
Wazo lenyewe: bwana harusi! Mume wangu hutamka akizunguka chumba, kama alivyokuwa akisoma habari zake kwenye simu kutoka vitani, nami nachapa. Alipokwenda kuoga nikamwingizia mjane kapteni wa masharubu. Akapiga goti katikati ya unga. Nililia mwenyewe!

Mume wangu alisoma, hakulia. Akauliza kwa upole mjane wa juzi anachumbiwa vipi. Kapteni kafutwa. Nikaapa: sasa nachapa kila litokalo kinywani mwake, siongezi, sipunguzi.

Wifi, karani wa ofisi, alikuwepo. Akanicheka, akasema: wifi yangu wewe, taipu huijui, unajua mahaba tu, hebu nipishe hapo. Nikamwambia kiti hiki nimeolewa nacho!

Jumatano, 6 Machi
Raha tupu! Katamka kutwa nzima. Vidole vinawaka. Akisema nukta, naweka nukta. Mengine yote neno kwa neno. Macho yalimwuma, akashindwa kupitia kazi. Akasema ananiamini. Ananiamini!

Alhamisi, 7 Machi
Bahasha ya sura imekwenda kwa mhariri. Wifi akachukua nakala yetu, akaanza kusoma kwa sauti.

"Unga umekwisha mjini. Unanisikia, mpenzi?"

"Askari wako mlangoni, mpenzi. Hii chai imepoa."

Ukurasa baada ya ukurasa! Wifi akadondoka kitini kwa kicheko. Huyu mjane anaongea na nani, wifi? Nikamjibu kwamba niliapa. Mume wangu akashika kichwa. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, polepole sana, kama sijui mpenzi ni nani katika nyumba hii.

Ni mimi! Nikamrukia shingoni. Masikini, alikuwa baridi kama ukuta. Kazi ya miaka mitatu, akasema.

Ijumaa, 8 Machi
Wanachapa! Mhariri kapiga simu mwenyewe. Anasema mjane sasa ni mtu. Anamsimulia marehemu mumewe kila kitu, hadi chai kupoa, na kila mara anamuuliza kama anamsikia. Eti alilia mbele ya wafanyakazi wake. Mume wangu alinipa simu, akaketi sakafuni, mabega yakimtikisika. Ahsante Mungu kwa mume huyu, kwa taipureta hii, hata kwa wifi, ambaye alikwenda kuchemsha chai.

Nikabaki na mhariri. Akaniuliza kitabu kitaishaje. Nikamwambia marehemu anarudi mzima, anamkuta mkewe kwenye tanuri, wanakumbatiana. Mhariri akaomba haraka nimrudishie mume wangu simu. Nadhani alikuwa akilia tena.

Najua, kazikwa ukurasa wa pili. Lakini mume wangu ni fundi. Hilo halimshindi.